Mtungi Uliochoka

Mimi ni mtu wa ndani. Cherehani yangu iko barazani, nashona sare za shule na kupunguza suruali za watu waliokonda, na siku nikionekana nimevaa viatu majirani wanauliza nani amefariki. Nyumba yetu iko juu ya mawe huku Ilemela. Njia ya kushuka barabarani ni miamba iliyopangwa na Mungu bila kumwuliza fundi. Mwenye akili anaishuka mara moja kwa siku. Mwenye akili zaidi anabaki juu.

Kwa hiyo nioneeni huruma siku shemeji yangu, mdogo wake mke wangu, aliposhuka kwenye kirikuu, kile kigari cha mizigo, kule chini na kupiga kelele kwamba amekuja na trekta.

Sikuona trekta. Niliona pawatila, ile mashine ya magurudumu mawili ambayo mtu anaishika mikono na kutembea nyuma yake kwenye matope kama anaswaga mbuzi mkaidi. Hii ilikuwa na injini ya petroli, lakini kwa mbele kulikuwa na kapu la chuma lililochomelewa, na ndani ya kapu, umesimama wima kama mgeni rasmi, mtungi wa gesi. Ule ule wa kilo kumi na tano tunaopikia maharage.

"Inatumia gesi," alisema shemeji.

"Gesi ya jikoni?"

"Gesi ni gesi, shemeji. Haijui kama iko jikoni au shambani."

Nilirudi nyuma hatua kadhaa. Nilisoma mpaka kidato cha nne, na kitu kimoja nilichotoka nacho ni kwamba moto na gesi havikai kapu moja. Shemeji alicheka. Yeye ni Mhaya wa chuo, akieleza jambo anainua kidole na kufunga macho kidogo, kama anasoma maneno yameandikwa ndani ya kope. Alinieleza kwamba petroli imepanda bei, kwamba fundi mmoja Bukoba amemfungia mfumo mzima, kwamba kulima jaruba moja la mpunga kwa gesi ni nafuu kuliko kwa petroli. Nilimsikiliza jinsi ninavyomsikiliza mtu anayeuza dawa ya mapunye na upara kwenye chupa moja.

Shida ni kwamba dada yake alikuwa ameshamsikiliza. Mke wangu ana saluni, na akiba yake ya saluni ndiyo iliyonunua ile mashine. Jioni ile, mbele ya sahani za ugali na sato, alitoa hukumu yake bila kuinua sauti.

"Msimu mmoja," alimwambia mdogo wake. "Umesema gesi ni nafuu kuliko petroli. Haya. Msimu huu ukiisha na gesi ikawa nafuu kweli, endelea, kaa hapa, ni mashine yako. Ikiwa si nafuu, naiuza, na wewe unarudi kwa mama Bukoba kuchuma kahawa."

Shemeji aliacha kumeza. Kila mtu kwao alikuwa ameshaambiwa kwamba yeye sasa ni mtu wa trekta Mwanza. Kuliko kurudi kuchuma kahawa na cheti chake cha chuo, mbele ya wajomba zake, heri kupanda mawe yetu kwa magoti.

"Na gesi ataleta nani?" niliuliza, kwa sababu niliona macho yamegeuka upande wangu.

"Wewe," alisema mke wangu. "Duka la gesi liko hapo chini. Angalau ujue rangi ya lami."

Ndivyo nilivyokuwa mhudumu wa mafuta wa trekta. Kazi ilikuwa hivi. Shemeji alikuwa akilima majaruba ya mpunga ya watu upande wa Magu, mashine anaiacha huko, yeye analala kwetu, asubuhi anaondoka na kirikuu na mitungi iliyojaa, jioni anarudi na mitupu. Mimi naishusha mitupu kwa yule mama wa gesi, namlipa, napanda na iliyojaa, ikalale barazani, nikisaidiwa na laana zangu mwenyewe.

Siku za kwanza sikulalamika sana. Kisha gesi ikaanza kuisha kwa namna ya ajabu. Shemeji alikuwa amesema mtungi mmoja unamaliza asubuhi nzima ya kazi. Sasa alirudi na taarifa kwamba mtungi umezimika kabla jua halijapanda vizuri, akaweka wa pili, nao ukafa, akaweka wa tatu. Kila jioni alishusha mitungi mingi zaidi, na sura ndefu zaidi.  Mke wangu alianza kuuliza bei ya petroli, kila siku, kama mtu anayeuliza hali ya mgonjwa.

Mimi nilikuwa na jibu. Yule mama wa gesi anatuibia.

Ushahidi wangu ulikuwa mzito. Kwanza, anatabasamu sana. Pili, mitungi yake anaifungia kwenye kizimba cha nondo na funguo anazining'iniza kifuani, sasa mtu mwema anafunga nini hivyo? Tatu, ana umri wa katikati ambao hujui umpe shikamoo au habari. Nikimwamkia shikamoo ananitazama kama nimemzeesha, nikimwambia habari ananitazama kama nimekosa adabu. Mtu wa namna hiyo, nikasema, hata gesi yake haieleweki.

Nikashuka siku moja na kifua mbele.

"Mama, leo napima."

"Pima, baba," alisema, akasukuma mzani mkubwa wa chuma kwa mguu. "Hata jana ungepima. Mzani haujawahi kukataa mtu."

Tulipandisha mtungi uliojaa. Uzito ulikuwa sawasawa na ulivyoandikwa ubavuni. Tukapandisha wa pili. Sawasawa.

"Huenda mzani ni mbovu," nilisema.

"Panda wewe, tuone."

Nikapanda. Mshale ulikwenda mahali ambapo sikutegemea. Nilishuka haraka.

"Umeona," nilisema. "Mbovu."

Alicheka mpaka akashika nondo za kizimba. "Baba, punguza kukaa nyumbani. Mzani huu unapima vizuri kuliko mkeo anavyokuambia."

Niliondoka nimeaibika lakini sijaamini. Nilipanda mawe nikijiambia kwamba mtu anayecheka hivyo ana jambo. Na ngojeni niwaambie kitu kingine ambacho sikumwambia mtu wakati ule. Mitungi mitupu niliyokuwa nikiishusha ilikuwa mizito. Mitupu! Nilikuwa nikishuka nayo magoti yanatetemeka. Nikawaza: huku ni kulegea kwa kukaa kwenye cherehani. Ningewaambia nyumbani kwamba mtungi mtupu umenishinda, mke wangu angesimulia saluni nzima, na wanawake wa Ilemela wote wangejua kabla ya saa sita. Nikanyamaza, nikaanza kupiga pushapu chumbani mlango umefungwa. Zilikuwa chache na za kusikitisha.

Kisha likatokea la maharage.

Gesi ya jikoni kwetu iliisha mke wangu akiwa ameshabandika maharage. Mitungi iliyojaa shemeji alikuwa ameondoka nayo. Barazani ulikuwa umebaki mmoja mtupu wa jana, ambao sikuwa nimeushusha kwa sababu ya mvua na kwa sababu ya mimi. Mke wangu akasema, "Hebu niungie huo, huenda umebaki mvuke wa kuchemsha chai." Nikaunga, nikapaka povu la sabuni kwenye maungio nione kama kuna kiputo, maana ninaogopa gesi kuliko ninavyomwogopa mama mkwe. Akawasha.

Moto ukatoka wa buluu, umejaa, unanguruma. Maharage yakaiva. Kesho yake yakaiva mengine. Ukapika ugali, ukapika ndizi za shemeji mwenyewe, ukachemsha maji ya kuoga ya mtu asiyeoga maji ya moto. Mtungi "mtupu"!

Hapo shaka yangu ikahama nyumba. Ilitoka kwa mama wa gesi ikaingia kwa shemeji, ikavua viatu kabisa.

"Ndugu yako," nilimwambia mke wangu, nikipunguza sauti ingawa hakukuwa na mtu, "anasema mitungi imeisha na haijaisha. Kwa nini mtu aseme hivyo? Ana mtu huko Magu. Anaitumia kidogo, nasi tunashusha iliyobaki kwa yule mama, na yule mama na yeye wanaelewana. Ndiyo maana anacheka."

Mke wangu alikuwa akichambua mchele. Aliendelea kuchambua.

"Mdogo wangu ana maneno mengi," alisema mwishoni, "lakini mwizi si yeye."

"Mimi nasema tu ninavyoona."

"Unaona nini, na huondoki barazani? Kesho panda kirikuu, nenda Magu, uone kwa macho. Ukikuta anaiba, naiuza mashine kesho hiyohiyo, na yeye aende. Ukikuta haibi, utamwomba radhi mbele yangu." Kisha akaongeza, "Msukuma gani wewe, hujakanyaga jaruba tangu ulipomaliza shule?"

Nilijua hilo lingekuja. Uhaya na Usukuma ndani ya nyumba moja ni utani usio na likizo.

Tuliondoka asubuhi, mimi katikati ya mitungi kama kondakta wa msiba, na kifurushi cha matobolwa, viazi vitamu vilivyochemshwa na kuanikwa, ambavyo kwetu ndiyo chakula cha safari. Shemeji hakuuliza kwa nini nimekuja. Alinitazama tu kwa pembe ya jicho, nami nikamtazama kwa pembe ya langu, tukafika hivyo tumepinda shingo.

Lazima niwe mkweli: kwenye kuweka gesi, shemeji alikuwa mwangalifu kuliko mwanamke anayebeba mtoto mchanga. Injini aliizima na kuiacha ipoe. Mtungi hakuubadilishia ndani ya jaruba, aliivuta mashine mpaka juu ya tuta. Nilimuuliza kwa nini, nikidhani anaficha kitu.

"Gesi hii haipandi," alisema, kidole juu, macho yamefumba. "Ikivuja inashuka, inalala chini kama maji. Jaruba ni shimo. Ikijaa humo hujui, unakuja na sigara yako, kwaheri."

Mtungi aliusimamisha wima, akaufunga kwa mkanda, akapaka povu la sabuni kwenye kila ungio, akangoja. Hakuna kiputo. Ndipo akafungua koki taratibu na kuvuta kamba. Injini ikaitika. Akashuka kwenye matope na mashine ikaanza kukata, nyuma yake maji meusi yanafunga kama kidonda.

Nilikaa juu ya tuta nikamlinda kwa macho. Sikupepesa. Nilitazama mifuko yake, nilitazama njia, nilitazama kama kuna mtu atakuja na baiskeli kuchukua mtungi. Hakuja mtu ila korongo wawili, ambao nao niliwatilia shaka.

Kabla jua halijapanda vizuri, injini ilikohoa. Ikakohoa tena. Ikafa.

"Umeona?" shemeji alisema kutoka kwenye matope. "Umeisha."

"Haujaisha."

"Shemeji, injini imezima. Gesi imeisha. Ngoja nilete mwingine."

Nilishuka. Nilivua viatu, nikaingia kwenye matope ambayo sikuwa nimeyaingia miaka mingi, na ninajua nilionekana kama kuku aliyelowa. Nikaufikia mtungi nikauwekea kiganja ubavuni nimshike mwizi kwa mkono.

Nikautoa mkono haraka. Mtungi ulikuwa wa baridi. Baridi ya friji ya soda. Nusu ya chini ilikuwa na weupe, kitu kama unga, na nilipougusa unga ukawa maji. Barafu, jamani. Magu, juani.

"Umeweka nini humu?" nilimuuliza.

"Mimi niweke nini?"

"Mtungi una barafu!"

"Kila siku una barafu ukiisha. Ndivyo unavyoisha."

Nikautikisa. Ndani kukasikika kitu kinacheza, chakacha, chakacha.

"Na hiki ni nini kinachocheza?"

Akautazama mtungi, akanitazama mimi. Kisha sura yake ikabadilika, na nikaona kitu ambacho sikukitegemea: naye alikuwa akinishuku mimi.

"Hebu niambie wewe," alisema. "Ni wewe unayeileta. Unashuka na mitungi, unapanda na mitungi, hakuna anayekuona. Nimekuwa nikijiuliza, huyu shemeji hapendi trekta tangu siku ya kwanza. Huenda ananiletea mitungi ya maji. Ili iuzwe. Ili nirudi Bukoba, ubaki na baraza lako."

Sehemu ya mwisho ilikuwa kweli. Baraza langu nalipenda.

Tuliivuta mashine mpaka juu ya tuta tumenuna. Tuliutoa mtungi kwenye kapu tukausimamisha kivulini chini ya mti mdogo, tukakaa mmoja huku, mwingine kule. Nikafungua matobolwa. Nikala peke yangu mpaka nikaona aibu, nikamsogezea. Akachukua bila kusema asante, nikajua hasira imeanza kupungua, kwa sababu Mhaya aliyekasirika kweli hali chakula cha mtu.

Tukakaa. Tulibishana kidogo kuhusu nani aliyemwibia nani, kisha kuhusu ndizi na viazi, ubishi ambao hauna mwisho. Muda ukaenda. Nilipougeukia mtungi, weupe ulikuwa umekwisha. Ubavu umekauka, una vumbi, una joto la kawaida la dunia.

Sasa, mimi sijui fizikia. Ninachokijua ni ng'ombe. Kabla sijawa mtu wa ndani nilikuwa mtoto wa mtu mwenye plau. Ng'ombe wa plau wakilima wanafika mahali wanalala tu kwenye mtaro, hata uwachape. Mgeni anadhani wamekufa, au wameugua, anataka kuwauza. Baba hakuwauza. Aliwafungua, akawaweka kivulini, akafunga jozi nyingine, na baadaye hao waliokufa wakafufuka wakalima mpaka mwisho. Alikuwa akisema ng'ombe hakuisha, amechoka.

"Unga huo," nilisema.

"Umeisha, shemeji."

"Unga. Ukikataa nitaushusha mwenyewe kwa mama wa gesi kwa kichwa."

Akaunga kwa hasira, lakini povu la sabuni alipaka, hasira au sio hasira. Akavuta kamba.

Injini ikaitika mara ya kwanza.

Tulitazamana juu ya kelele ile. Akaiacha ikanguruma, akafumba macho, na nikaona kidole kinapanda polepole. "Inavutwa haraka," alisema, akipiga kelele. "Gesi. Injini inaivuta haraka kuliko inavyoweza kugeuka mvuke, mtungi unapoa, unaganda, unakataa. Haiishi! Inaganda!"

"Unachoka," nilisema.

"Unaganda."

"Unachoka. Mpe mwenzake zamu."

Siku ile tulilima kwa zamu. Mtungi mmoja kwenye kapu, mmoja kivulini, ukianza kuota weupe tunaubadilisha juu ya tuta kabla injini haijakohoa. Mitungi miwili ilitufikisha jioni. Jirani wa jaruba akauliza kama na lake litalimwa kesho, na shemeji akamwambia ndiyo kwa sauti ambayo sikuwa nimeisikia tangu afike.

Njiani kurudi, katikati ya furaha, nikamkumbuka yule mama wa gesi. Ile mitungi yote mizito niliyoishusha, nikidhani ni magoti yangu. Nilikuwa nimempelekea yule mama gesi yetu, tena na tena, nikampa bure na kumlipa juu yake. Alikuwa anacheka! Kumbe alikuwa na sababu.

Hatukupanda nyumbani kwanza. Nilishuka dukani na matope yangu, shemeji nyuma yangu, nikiwa nimeandaa maneno makali.

"Mama, ile mitungi tuliyokuletea. Uliipeleka wapi?"

Tabasamu liliisha. Alitutazama sisi wawili, akashika funguo zake. "Nilijua mtakuja," alisema. "Ya mwanzo nilipeleka depo ikajazwe, sikujua. Hii mingine sikuipeleka. Nimeitenga."

"Umeitenga kwa nini?"

"Baba, mtu ananiletea mitupu mizito kama ameficha mwizi ndani. Nikajua mmetia maji. Au mchanga. Nikasema nikipeleka depo hiyo, mimi ndiye nitakayefungiwa duka. Nikawaza nimwite balozi wa nyumba kumi. Kisha nikaona bora nisubiri niwakamate wenyewe."

Aliingia kizimbani. Kule nyuma kabisa, mitungi yetu ilikuwa imesimama peke yake, imefungwa shingoni kitambaa chekundu, kama watoto waliosimamishwa kona ya darasa.

Shemeji alianza kucheka kwanza. Mimi nilijaribu kubaki na hadhi yangu, lakini nilikuwa na matope mpaka magotini. Tulimweleza. Hakuamini. Akavuta mzani kwa mguu, akapima mmoja, akapima mwingine, kisha akaufungua mmoja kidogo, akanusa, akaufunga.

"Gesi," alisema, kwa masikitiko kidogo. Alikuwa amejiandaa kwa mchanga.

Alituruhusu tuichukue, na tukiimaliza kweli tumrudishie mitupu yake. "Na kila mtupu," alisema, "unapanda kwanza hapa juu ya mzani. Siwaamini bado." Nikamwambia nami simwamini, tukaachana kwa heshima.

Nyumbani nilimwomba shemeji radhi mbele ya mke wangu, kwa maneno machache, nikitazama dirishani. Shemeji naye aliniomba mimi, kwa maneno mengi. Mke wangu alisikiliza yote, la barafu, la ng'ombe, la kitambaa chekundu. Kisha alimuuliza mdogo wake swali moja tu: kwa hesabu ya leo, gesi na petroli, ipi nafuu?

"Gesi," alisema shemeji.

Akanigeukia mimi. "Wewe unasemaje? Wewe ndiye usiyeamini mtu."

Nilitamani kuwa na shaka. Niliitafuta, nikaikosa. "Gesi," nilisema.

"Basi haiuzwi." Akainuka kupakua. Shemeji alitazama mikono yake yenye matope, na mara moja tu aliinua kidole, akakishusha bila kusema kitu.

Mashine ipo mpaka leo. Mimi nimerudi barazani kwangu, ingawa magoti yangu yana heshima mpya mtaani, kwa kuwa imethibitika kwamba yalikuwa yakibeba gesi. Mama wa gesi akiniona natokea kwenye mawe anausukuma mzani kwa mguu kabla sijamsalimu, jambo ambalo limetuondolea tatizo la shikamoo. Na mke wangu, maharage yakichelewa kuiva, ananiambia niende nikaguse mtungi nione kama umechoka. Ninaenda. Ninaugusa. Huwezi kujua.